Waliolaza Bendera Kwenye Ngano

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Namsifu nikiwa na mguu mmoja na moyo ambao haujapoa bado. Mchungaji ameniambia niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, ili ushuhuda huu usomwe katika mitaa yetu yote ya Mbulu na Hanang. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtakaposoma mvumilie. Nitaanza na pale pabaya kuliko pote, msije mkasema niliwapitisha pembeni.

Gari langu lilikuwa limelala kichwa chini, matairi yanazunguka hewani. Mimi nilikuwa ndani, usukani umenibana kifua, na mguu wa kushoto siusikii. Petroli ilikuwa inanidondokea shingoni, tone, tone. Pale ambapo kioo kilikuwepo niliona vumbi, na ndani ya vumbi ng'ombe mmoja anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele tu. Karibu yake alikuwa amelala Gidamesh, rafiki yangu. Shuka lake lilikuwa limemtoka. Fimbo bado ilikuwa mkononi.

Alikuwa hai. Alinitazama. Akasema, "Tluway, ulisema Jumapili hakuna mtu."

Hayo tu. Hakusema tena.

Nikasikia miguu ya watu inakimbia. Nikapiga kelele, "Tupo huku! Tusaidieni!" Ndugu zangu, walinipita! Niliona viatu vyao, viatu vyeusi vya walinzi wa shamba, vinanipita mimi, vinampita na Gidamesh. Sauti ya mkuu wao, Zakaria Bura, ikasema, "Zungusheni ng'ombe! Asitoroke hata mmoja!" Walikamata ng'ombe kwanza. Sisi tulikumbukwa baadaye.

Sasa nirudi nyuma, mjue tulifikaje hapo.

Mimi ni Yakobo Tluway, mtoto wa mkulima wa Mbulu juu, kule kwenye baridi na mahindi na maharage na ng'ombe watatu wa kufungwa ndani ya nyumba. Shamba letu halikutosha wana watano. Kwa hiyo niliposikia shamba la ngano la serikali kule tambarare za Hanang linachukua watu, nikashuka. Nilianza kufagia karakana, nikashika spana, nikafundishwa trekta, na mwaka wa nne nikapewa kombaini.

Wengi wenu mmeona kombaini kwa mbali mkadhani ni raha. Nawaambia, ni adhabu. Mashine kubwa kama nyumba, inakwenda mwendo wa mama mjamzito. Unaanza asubuhi, unakata mstari mmoja wa ngano hadi unasahau jina lako, unageuka, unarudi. Vumbi la makapi linaingia puani, masikioni, kwenye uji. Mchana kutwa umekalia injini yenye nguvu kuliko fahali mia, na huruhusiwi kuikimbiza hata kidogo! Ukishuka, mwili unataka kitu. Hujui ni kitu gani, lakini unataka.

Kitu hicho nilikipata kwenye kiwanja cha ndege.

Shamba letu lilikuwa na kiwanja cha ndege ya kunyunyizia dawa. Kilikuwa cha moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kimenyooka kama uzi, kimeshindiliwa vizuri kuliko barabara yoyote ya wilaya. Ndege ilikuja kwa msimu, siku nyingine kilikaa bure. Mzungu mmoja, fundi wa matrekta tuliyemwita Bwana Jimu, ndiye aliyeanza kukimbiza gari lake pale Jumapili. Baadaye akaalika mtu yeyote mwenye gari lake mwenyewe. Gari la shamba alilikataa. Alisema, "Gari lako, pesa yako, shingo yako."

Na mimi nilikuwa na gari! Pijo la zamani, 404, lililokuwa limekaa nyuma ya misheni miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Nililipata kwa mtama na mbuzi na kubembeleza. Nikalifufua kwa mikono yangu hii, kila jioni, mwaka mzima na zaidi. Kabureta nilichonga kipande chake kwa tupa. Siku lilipowaka nililia machozi. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa sikulia.

Nitawaambia ukweli kuhusu utamu wake, maana shetani hatumii sumu chungu. Hayakuwa mashindano. Hakukuwa na zawadi wala kikombe. Unaingia peke yako kiwanjani, wenzako wamesimama na saa. Unakanyaga mafuta. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, na ule mshale wa spidi unapanda, na pale mbele hakuna trekta, hakuna polisi, hakuna mbuzi wa mtu, hakuna bwana mkubwa wa kukuambia polepole. Mlima Hanang unasimama kushoto kwako, haukimbii, lakini majani yote yanakimbia. Mwishoni kuna pipa limepakwa chokaa. Unatakiwa kuchagua mwenyewe ukanyage breki wapi. Ukiwahi, umepoteza. Ukichelewa, umekwenda kwenye mtaro. Ukipatia, gari linaserereka kidogo nyuma, linazunguka pipa, na unalisikia linakutii kama mbwa. Mtu ambaye wiki nzima ametiishwa, kwa dakika mbili anatiiwa! Hiyo ndiyo iliyonipata. Jumapili watu wangu wakienda ibadani, mimi nilikuwa nafungua plagi na kuzisafisha kwa brashi ya meno.

Bwana Jimu alikuwa na sheria, na sheria zake zilikuwa nzuri. Kabla gari lolote halijakimbia, mtu mmoja aendeshe polepole kiwanja chote aone kama kuna jiwe au mnyama. Pombe hakuna. Mwisho wa kiwanja, mlinzi asimame na bendera nyekundu iliyofungwa kwenye mti, aonekane. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Bendera hapana, gari hapana." Tulimcheka. Leo simcheki.

Mkataba wake ulikwisha, akaondoka. Nafasi yake pale kiwanjani akaichukua kaimu meneja wetu, Bwana Kasilima. Huyu namtaja jina, ndugu zangu, na nitamtaja tena. Alikuja na gari jipya jeupe la nje, na wageni wake kutoka mjini, na kreti za bia nyuma ya Landrova. Jumapili ya kwanza tu aliniona nalizungusha Pijo langu akasema mbele ya wote, "We Mmbulu, gari lako linakohoa, lipeleke zahanati lipigwe sindano!"

Nikamjibu, "Bosi, linakohoa lakini limekupita kwa sekunde mbili."

Watu walicheka hadi mmoja akamwaga bia yake. Bwana Kasilima naye alicheka. Lakini nilimwona macho, hayakucheka.

Sasa Gidamesh. Watu wa juu wengine mnasema Wamang'ati, wale wafugaji wa tambarare, ni watu wa vita tu. Kwangu mimi huyu alikuwa rafiki. Nchi ile ya ngano ilikuwa malisho yao kabla ya trekta la kwanza, na njia yao ya ng'ombe kutoka upande wa Dirma kwenda kwenye chumvi ilikatwa na shamba vipande viwili. Ng'ombe bila chumvi anakonda hata kama majani yapo. Na ng'ombe akikanyaga shamba anakamatwa, anafungiwa, mwenyewe anatozwa faini. Siku moja nikiwa kwenye kombaini nilimkuta Gidamesh amejibanza na ng'ombe wake kwenye kona ya shamba, amechelewa kuvuka, mapambazuko yamemkuta. Nilitakiwa kupiga honi kuwaita walinzi. Sikupiga. Nikageuza mashine kama sijaona kitu.

Kesho yake alikuja nyumba za wafanyakazi na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Akasema, "Wewe una macho mazuri. Yanajua kutoona." Kuanzia hapo tulikuwa ndugu. Mke wake, Udagwesh, alikuwa akimwita mke wangu dada. Tulikula pamoja.

Siku nyingine nilimchukua kumwonyesha kiwanja. Akasimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, anatazama magari yanakwenda na kurudi. Akaniuliza, "Mnakimbia kwenda wapi?"

"Mpaka kwenye pipa."

"Halafu?"

"Tunarudi."

Akafikiri. "Hata ndama akifunguliwa anakimbia hivyo," akasema. "Lakini yeye anakwenda kunyonya."

Mimi ndiye niliyempa ile akili, ndugu zangu. Hapa ndipo ubavu unaniuma hadi leo. Nilikuwa nimeona kwamba Jumapili magari yakianza kulia, walinzi wote wanakimbilia mwanzo wa kiwanja kutazama, na kunywa yale mabaki ya bia. Njia ya ng'ombe ilikatiza ngano kule mwisho kabisa, mbali na pipa, mahali ambapo hakuna gari lililofika. Nikamwambia Gidamesh, "Jumapili ukisikia magari yanalia, pitisha ng'ombe. Hakuna mtu." Akapitisha. Jumapili ya kwanza, ya pili, miezi. Ng'ombe wake wakanawiri. Mimi nilijiona mtu mwema. Naiba ibada ya Mungu, lakini nasaidia rafiki!

Halafu kiwanja kikawa hakilitoshi gari jeupe la Bwana Kasilima. Alisema likianza kuchanganya tu, pipa hili hapa. Jumamosi moja akatuma greda, wakakwangua majani kule mwisho, wakasogeza pipa mbele. Jumapili nilipofika nikaliona pipa kwa mbali, jeupe, dogo kama jino.  Lilikuwa limewekwa kwenye njia ya ng'ombe yenyewe.

Nikamfuata. "Shikamoo bosi. Kule kuna njia ya ng'ombe."

"Marahaba. Ng'ombe wa nani? Hili ni shamba la ngano, si la ng'ombe."

"Wanaweza kutokea, bosi."

"Nimeweka mlinzi kule na bendera. Zakaria, si umeweka?"

Zakaria Bura akasema, "Yupo, mzee. Petro yupo tangu asubuhi."

Huyu Zakaria ni mtu wa kwetu. Tulibatizwa siku moja, maji ya beseni moja. Nikamwamini. Akapanda pikipiki yake, akazunguka kwa barabara ya shamba kwenda kule mwisho.

Nikauliza kama kuna mtu amepita polepole kuangalia kiwanja. Bwana Kasilima akawageukia wageni wake. "Mnamwona dereva wangu? Leo kiwanja kimekuwa kirefu, Pijo limeanza kuogopa!" Wakacheka. Akaniambia, "Nenda wewe kwanza, Mmbulu. Tutengenezee njia."

Ningeweza kusema, "Rafiki yangu yuko kule, mimi ndiye niliyemwambia apite." Maneno kumi hayafiki. Lakini ningefukuzwa kazi, na Gidamesh angekamatwa. Na sababu nyingine, naisema kwa aibu: nilitaka kukimbia. Kiwanja kilikuwa kirefu! Nilitaka kujua Pijo langu lingefika wapi. Nilitazama kule mwisho, sikuona bendera nyekundu. Nikajiambia ni mbali, ni vumbi, ipo.

Nikakanyaga.

Mshale ulipita mahali ambapo haukuwahi kufika. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilikuwa naimba! Halafu ngano upande wa kulia ikafunguka na ng'ombe wakatoka, mmoja, wanne, kundi. Nikakanyaga breki, gari likaanza kwenda ubavu. Gidamesh alitoka mbio mbele ya ng'ombe wake, ameinua fimbo, anawarudisha nyuma. Angebaki kwenye ngano angekuwa hai. Alitoka kwa sababu ya ng'ombe.

Mengine nimekwisha kuyaeleza mwanzoni.

Mguu wangu ulikatwa chini ya goti. Nikiwa bado kitandani, Bwana Kasilima alikuja na machungwa na karatasi. Alikuwa mpole sana. Akasema, "Yakobo, wewe ni mtu wetu. Hatutakutupa. Hii ni taarifa tu, ofisi inaitaka." Zakaria akanisomea. Ilisema wafugaji walivamia kiwanja cha shamba kwa nguvu, wakijua ni marufuku, na marehemu alijirusha mbele ya gari akiwa katika wizi wa malisho. Gari lilikuwa kwenye majaribio ya kazi. Bia, wageni, pipa, hakuna hata kimoja.

Nikasema, "Zakaria, si hivi."

Akasema, "Weka sahihi, ndugu yangu. Una mguu mmoja na watoto wanne. Utakwenda kulima mawe Mbulu?"

Niliweka sahihi. Andikeni hilo kwenye hesabu yangu, maana Mungu aliliandika. Kwa karatasi hiyo ng'ombe wa Gidamesh waliokamatwa siku ile hawakurudi kamwe kwa mjane wake. Kwa karatasi hiyo amezikwa na jina la mwizi. Na mimi nikapewa nyumba, na kiti cha kukalia kwenye geti la karakana, niwe nafungua na kufunga.

Wazee wa kwetu Mbulu waliniwekea mwiko, na majirani zetu pale shambani, watu wa kwetu, wakaushika. Kwa mila zetu mtu aliyemwaga damu hachangii moto na jirani, wala maji, wala zizi, mpaka atakaswe. Na kutakaswa kunataka useme mbele za watu jinsi ilivyokuwa, na ndugu wa marehemu wapokee. Nilikuwa Mkristo, nikasema hayo ni mambo ya zamani. Uongo! Niliogopa kusema. Mke wangu alikuwa akienda kuomba kaa la moto kwa jirani anaambiwa, "Moto umezimika, mama," na moshi unatoka juu ya paa.

Mnadhani hapo niliacha gari? Ndugu zangu, sikilizeni jinsi mtu anavyofungwa! Pijo lilikuwa limetupwa nyuma ya karakana, bodi imekunjamana. Nililala nikilisikia. Nikaanza kulinyoosha kidogo kidogo. Nikachonga mti, nikaufunga kwenye kisiki cha mguu wangu kwa mpira wa ndani wa tairi, ili ukanyage klachi. Damu ya rafiki yangu niliiosha kwenye bampa kwa mafuta ya taa na tambara, nikiwa napiga mluzi. Mluzi! Hiyo siyo tamaa ya gari tena. Hiyo ni minyororo.

Siku ya kwanza lilipokwenda, nikalipeleka kiwanjani. Ilikuwa mchana, siku ya kazi, hakuna mtu. Nikapita gia zote. Ule utamu ulikuwepo palepale, haukupungua hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Kule mwisho nikaona mtu amesimama katikati, hasogei. Nikakanyaga breki mapema, mapema sana. Alikuwa Udagwesh.

Akaja hadi dirishani. Alitazama ule mti niliofunga. Alinukia samli, kama zamani.

"Shemeji," akasema. Aliniita shemeji! "Nina swali moja. Watu wa mume wangu wananiuliza, sina jibu. Gidamesh aliniambia asubuhi ile, Tluway amesema hakuna mtu. Wewe ulimwita ili umwue?"

Nikashika gia ya kurudi nyuma.

"Sema tu," akasema. "Kama ulimwita, sema. Kama hukumwita, sema. Mimi nataka kulala."

Nilirudisha gari nyuma, nikageuza, nikamkimbia. Mimi, mwanaume, nikamkimbia mjane kwa gari lililomwua mume wake.

Baada ya hapo chakula kilinikataa. Juma hilohilo nikapanda basi hadi Mbulu, nikamtafuta mchungaji. Sikwenda kuokoka. Nilitaka aniombee nipate usingizi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Siwezi kukuombea usingizi, Yakobo. Yule mama hana usingizi kwa sababu yako. Mpe wake kwanza." Nilimkasirikia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikimtukana kimoyomoyo. Na pale kwenye ngazi, bila kwaya, bila mtu kuniwekea mikono, Roho wa Bwana alinivunja. Nililia hadi boda boda waliokuwa pale chini wakazima pikipiki zao. Mmoja akauliza, "Mzee, umefiwa?" Nikamwambia, "Nimeua." Lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwangu tangu siku ile. Haleluya! 

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani hapohapo Mbulu nikasema yote. Niliyomwambia Gidamesh, pipa, bia, karatasi. Nilipomaliza, mtu alisimama benchi za nyuma. Alikuwa Petro, yule mlinzi wa bendera. Sikuwa nimemwona tangu ajali, alikuwa ameacha kazi akarudi kwao Gendabi, na siku hiyo alikuja kwa habari za ndoa ya dada yake. 

Akasema, "Bendera nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeilalia."

Ndugu zangu, sikieni hili vizuri, maana mimi mwenyewe sikulijua. Zakaria Bura alikuwa ameona kwato kila Jumatatu. Alijua Wamang'ati wanapita Jumapili magari yakilia. Kwa hiyo Jumapili ile aliwapeleka walinzi sita asubuhi na mapema wakajificha kwenye ngano, pande mbili za njia, wawakamate. Petro alisimama na bendera yake juu kama alivyoagizwa mwanzo. Zakaria akaja na pikipiki yake akamwambia, "Shusha hiyo! Wakiiona watarudi. Lala chini." Petro akasema, "Na magari, je?" Zakaria akasema, "Ni amri ya bwana mkubwa. Lala." Petro akalala juu ya bendera. Alilisikia Pijo langu linakuja. Alinyanyua kichwa, mwenzake akamkandamiza kisogo.

Hatua hamsini kutoka mahali alipokufa Gidamesh!

Mmeelewa? Walihitaji gari lilie, ndipo ng'ombe watoke. Mimi nilipoambiwa "nenda wewe kwanza", nilikuwa chambo. Nilidhani ninaendesha gari langu mwenyewe, kwa mapenzi yangu mwenyewe, mtu huru kuliko wote katika shamba lile. Kumbe nilikuwa honi ya kuitia ng'ombe wa watu.

Tulikwenda Dirma mimi na Petro, na mchungaji nyuma yetu. Pijo sikulipanda. Nilikuwa nimeliuza vipande vipande, injini ikaenda kusaga mahindi. Tulitembea, mimi kwa magongo. Watu wa Gidamesh walikaa wakatusikiliza mchana kutwa, hawakutukatiza. Udagwesh alikaa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa. Nilisema mimi, akasema Petro. Nilisema pia kwamba nilitaka kukimbia siku ile, kwamba niliona hakuna bendera na nikaenda. Sikujipaka mafuta.

Kaka mkubwa wa Gidamesh aliuliza swali moja tu: "Nani alisema bendera ishuke?"

Petro akasema, "Zakaria."

"Na Zakaria anasema nani?"

"Anasema bwana mkubwa."

Yule kaka akanipa maziwa. Nilikunywa. Halafu akasema, "Wewe tumekupokea. Huyu naye tumempokea. Lakini damu haijafungwa. Wako wawili bado. Wao wakija wakasema, tutafunga. Wasipokuja, mtoto wangu na mtoto wa hao walinzi watakutana siku moja kwenye mnada, na hatujui itakuwaje." Udagwesh alipita karibu yangu wakati wa kuondoka. Akasema, "Jana niliposikia mnakuja kusema, nililala, shemeji. Kidogo."

Namshukuru Mungu! Ameniondolea kiu ya mwendo ambayo mguu uliokatwa haukuiondoa. Jirani yangu sasa ananipa moto. Mke wangu anaimba akikoroga ugali. Kwako wewe unayesoma, uliyefungwa na kitu kitamu, pengine si gari, pengine ni chupa au karatasi uliyoweka sahihi: mtegemee Yesu, na useme. Hatakudai uwe na miguu miwili.

Lakini sijamaliza, na mchungaji nimemwomba asikate sehemu hii.

Zakaria Bura, unakaa kata moja na mimi. Unaimba kwaya ya kina baba. Nimekuja kwako mara tatu, mara tatu mkeo amesema umekwenda kuangalia shamba. Bwana Kasilima, wewe umepandishwa cheo, uko mjini, nasikia ni mzee wa kanisa na unapokea sadaka mlangoni. Nimekutumia barua mbili kwa mkono wa mtu. Ya kwanza hukujibu. Ya pili ilirudi imefunguliwa na kufungwa tena.

Zakaria anawaambia watu amri ilikuwa yako. Wewe uliwaambia watu wa ofisi kwamba Zakaria alijifanyia mwenyewe. Mmoja wenu ni mwongo, au wote wawili. Mimi nimekwisha kusema langu mbele ya mjane. Sina shamba la kuogopa kunyang'anywa, wala mguu wa pili wa kukatwa ninaoujali.

Njooni Dirma, wote wawili, siku moja, saa za mchana. Mje na ile karatasi ya sahihi yangu, niichane mbele ya watoto wake. Udagwesh yupo, hajahama. Mtazameni usoni mumjibu kwa midomo yenu: nani kati yenu alisema bendera ilazwe, wakati mkijua gari langu linakuja?